Awamu ya Septemba

Mimi ni fundi cherehani. Nipo Mwanga, Kigoma mjini, fremu moja yenye vyerehani viwili vya kukanyaga, ovaloki moja na mwanagenzi mmoja anayejua kuvuta bitana kuliko mimi. Sina mwajiri, kwa hiyo hakuna anayenikata kodi kabla mshahara haujanifikia. Lazima nijikate mwenyewe, mara nne kwa mwaka: mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba na mwisho wa Desemba. Ilinichukua mwaka mzima wa kuumia kulijua hilo vizuri.

Nilianza 2019 kwenye kibaraza cha shangazi yangu. Nilinunua kile kitambulisho cha wajasiriamali wadogo cha shilingi 20,000, cha watu ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka, nikakitundika shingoni na habari ya kodi nikaiona imeisha. Katikati ya 2022 nikahamia fremu. Hapo ndipo mtu anapokutana na dunia. Halmashauri wanataka uwe na leseni ya biashara, leseni inataka TIN, ile namba ya mlipakodi, na hati ya TRA, mamlaka ya mapato, kwamba huna deni, na ile hati inataka uwe umekadiriwa, yaani umepangiwa kodi ya mwaka. TIN yenyewe hailipiwi. Nalisema kwa sababu najua watu waliolipia.

Januari 2023 nikaenda kukadiriwa. Nilivaa vizuri, gauni la kitenge nililojishonea mwenyewe, na nadhani gauni lile ndilo lililoniponza. Afisa akaniuliza kwa upole, "Dada, kwa siku unauza kama shilingi ngapi?" Sikuwa na karatasi yoyote. Nikakumbuka siku za mwisho wa Ramadhani, watu wamejaa mlangoni, nikaona aibu kuonekana fundi asiye na wateja. Nikajibu, "Elfu thelathini, haipungui."

Haipungui! Siku ngapi nimekaa naangalia barabara tu hadi saa kumi jioni? Lakini neno lilishatoka. Elfu 30 mara siku 26 za mwezi, mara miezi 12, ni 9,360,000. Kwa viwango vya wakati ule, mwenye mauzo ya kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu za mauzo alilipa 250,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa nne unapata 62,500 kila awamu. Nikatoka pale nimejikadiria mwenyewe kwa mdomo wangu.

Awamu ya Machi nililipa kwa fedha za watu. Ramadhani ya mwaka ule ilianza siku chache kabla ya mwisho wa Machi, advansi zilikuwa zinaingia, nikachota humo. Advansi ile ilikuwa ya kununulia vitambaa. Sikukuu ilipokaribia nikawa nakopa vitenge kwa dada wa duka la jirani ili nishone nguo za watu ambao fedha zao nimeshazipeleka kulipa kodi. Juni ikapita kwa sababu Idd ya kuchinja iliangukia mwishoni mwa mwezi uleule. Septemba ikanikuta sina kitu.

Asiyeishi Kigoma huenda haelewi Septemba ya fundi. Harusi zimepungua, sikukuu iko mbali, sare za shule bado. Tena fedha ya mji huu, hata kama hujawahi kukanyaga mtumbwi, inatoka ziwani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, na mvuvi akipumzika, mke wake wa kule mwaloni Kibirizi haleti kitambaa. Mimi naujua mwezi wa angani kwa kuangalia kabati langu la oda.

Tarehe 30 ikapita. Oktoba akaja kijana mmoja mtanashati, mkoba kwapani, akaniambia ana watu wake ndani, nimpe elfu 50 deni lifutwe. Nikampa. Baada ya siku mbili akanitumia picha ya risiti kwenye simu, ina nembo na kila kitu. Nikalala usingizi. Desemba nilipofuatilia hati kwa ajili ya leseni, TIN yangu ikaingizwa kwenye kompyuta na deni la Septemba likatokea palepale, 62,500 haijaguswa, na riba imeanza kupanda juu yake. Kishoka simu yake haikupatikana tena. Siku hizi najua kwamba kodi halali inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo unayopewa kwa jina lako, kupitia benki au simu yako mwenyewe. Anayetaka umwekee mkononi, hata kama ana suti, huyo ni kishoka.

Nililipa yote kwa fedha za Krismasi. Sikununua hata kilo ya nyama ya sikukuu, tulikula mgebuka, samaki wa ziwa letu. Si adhabu kubwa kwa mtu wa Kigoma, lakini mnanielewa.

Mambo yaligeuka siku ile ya deni. Yule mama aliyenihudumia dirishani aliniuliza kwa nini sileti kumbukumbu zangu, maana mwenye kumbukumbu ana hesabu yake. Nikamwambia, "Mama, mimi ni fundi, kumbukumbu za wapi?" Akaniuliza, "Vipimo vya wateja unaviandika wapi?"

Nilinyamaza. Kila fundi ana daftari la vipimo. Langu limeandikwa kifua, kiuno, urefu wa mkono, na pembeni ya kila jina kuna tarehe, bei, advansi iliyotolewa na salio. Mauzo ya mwaka mzima yalikuwa yamelala chini ya cherehani, yamechafuka mafuta ya mashine, na mimi nimekwenda kujibu kwa kukisia.

Nikakaa siku tatu na mwanagenzi, yeye anasoma, mimi najumlisha. Mwaka 2023 zilipita mikononi mwangu 8,640,000. Nikashangaa, maana sikuwahi kujihisi tajiri kiasi hicho. Tulipochambua tukaona kwamba 2,190,000 kati ya hizo zilikuwa bei ya vitambaa. Mteja anakuja na elfu 40, anasema "ninunulie kitenge kizuri unishonee," naenda duka la jirani nanunua kwa elfu 25, namkabidhi gauni. Mimi nimebaki na elfu 15 ya mshono, lakini nimeuza gauni la elfu 40.

Ningetamani mtu angenieleza hili mapema. Sisi wadogo tunakadiriwa kwa mauzo, hatukadiriwi kwa faida. Ukimuuzia mtu gauni kamili, bei yote ni mauzo yako, hata kama kitambaa hakikukuachia shilingi. Mteja akinunua kitambaa chake mwenyewe, mauzo yako ni mshono tu. Sikuficha kitu wala sikupunguza kitu. Nilibadilisha utaratibu. Tangu Januari 2024 mteja nampeleka kwa yule dada wa vitenge, anachagua na kumlipa yeye, kisha anarudi kwangu na kitambaa chake kwenye mfuko. Dada naye amefurahi, maana sikopi tena.

Nikanakili mauzo kwenye daftari safi, nikanunua kitabu cha risiti, nikarudi kukadiriwa. Safari hii sikuvaa la kitenge. Makadirio ya mshono peke yake yalikuwa 6,500,000. Kwa mwenye kumbukumbu, kati ya milioni 4 na milioni 7 ilikuwa ni asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kilichozidi ni 2,500,000, kodi yake 75,000 kwa mwaka. Awamu moja 18,750. Nilimwomba afisa arudie kupiga hesabu, nikidhani amekosea kunipendelea.

(Viwango hivi ni vya wakati ule. Bajeti husomwa Juni na mabadiliko huanza Julai, kwa hiyo uliza ofisini kabla hujanukuu vyangu.)

Kilichobaki kilikuwa kuipata hiyo 18,750 kila robo bila kugusa advansi. Kibubu nilishajaribu, kilivunjwa kwa ada ya mtoto. Nikasajili laini ya pili ya simu na simu yenyewe ikakaa nyumbani, si dukani. Kila jioni nikifunga hesabu, kwa kila elfu 10 niliyouza narusha mia mbili kwenye laini ile. Nikiuza elfu 5, mia moja. Siku ya sifuri, sifuri. Ni kidogo kiasi kwamba huwezi kuihurumia. Asilimia 2 ni zaidi ya nilichodaiwa, najua. Ziada nilipanga iwe ya leseni, na nikifanya mwaka mzuri kuliko makadirio, isinikute mikono mitupu.

Halafu sikusubiri tarehe. Mwisho wa Machi 2024 uliangukia Jumapili ya Pasaka yenyewe, nami nililipa Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu. Idd ikawa tarehe 10 Aprili. Wiki ile ya baada ya Idd, fedha bado ipo na kichwa bado kina akili, nikalipa awamu mbili kwa pamoja, ya Juni na ya Septemba, 37,500. Jirani yangu fundi viatu alinicheka kweli. "Unailipa serikali kabla haijakudai?"

Lakini mji mzima ulijua ziwa linafungwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Miezi mitatu Kibirizi ilikuwa kimya. Wateja wangu wa kule waliomba nguo zao zikae, wengine walichukua zilizokamilika kwa ahadi. Mauzo ya Julai kwenye daftari langu ni mistari kumi na moja tu. Septemba ikaja na njaa yake ileile, lakini ilinikuta nimeshamaliza. Tarehe 30 ilikuwa Jumatatu, nilikwenda zangu Ujiji kumsalimia bibi.

Oktoba nikapata oda nisiyoitarajia: sare 120 za shule moja, elfu 20 kila moja, kitambaa juu yangu. Hapo siwezi kumtuma mwalimu dukani, nimeuza nguo kamili, kwa hiyo 2,400,000 yote ni mauzo. Jumla yangu ikawa inaelekea 8,900,000. Wenzangu waliniambia nikae kimya, nimeshakadiriwa, nani atajua? Mimi nilikuwa bado na kumbukumbu ya ile riba. Makadirio yanaweza kurekebishwa mwaka ukiwa bado unaendelea, na mwenye kujikadiria chini sana akijulikana baadaye anatozwa juu yake. Nikaenda. Hesabu mpya ikawa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 90,000 na 57,000, jumla 147,000. Nilishalipa awamu tatu, 56,250. Nikabakiwa na 90,750 ya Desemba, na laini ya pili ilikuwa nazo, na chenji.

Ilinibidi pia nianze kuchungulia milioni 11. Ukiivuka, hesabu ni nyingine na mashine ya risiti za kielektroniki inakuhusu. Oda nyingine moja tu ya sare kama ile ingenifikisha huko. Sijui kama nifurahi au nipunguze oda. Mwanagenzi anasema ninunue cherehani ya tatu.

Sasa hivi kinachonisumbua si TRA. Nimeambiwa kwamba mpangaji wa fremu ya biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya pango, aipeleke serikalini kama kodi ya zuio, na mwenye nyumba apewe kilichobaki. Nikamwendea baba mwenye fremu, nikamwamkia, nikakaa kwenye kiti, nikamweleza kwa adabu zote. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyanyua kikombe chake cha kahawa.

"Mwanangu," akasema, "pango langu ni lilelile. Hiyo kumi yako na serikali mtajuana wenyewe."

Nikamwacha anywe kahawa. Jioni nilifungua ukurasa mpya kwenye daftari, nikaandika juu yake "Pango", nikaanza kurusha mia nyingine.