Siku moja wodi ya saratani: kile nesi anachoandika kwenye faili

Saa 1:30 asubuhi. Tunapokeana zamu kitanda kwa kitanda. Daktari ameshaandika ugonjwa: saratani ya titi, ya shingo ya kizazi, ya damu. Huo haubadiliki leo wala kesho. Sisi tunaandika utambuzi wa kiuguzi, yaani shida inayomsumbua mgonjwa saa hii na ambayo muuguzi anaweza kuifanyia kazi. Huu unaweza kubadilika mara mbili kabla zamu haijaisha. Wanaodhani nesi kazi yake ni kugawa vidonge na kutandika vitanda hawajawahi kufungua faili hizi.

Utambuzi una sehemu tatu: tatizo, chanzo, dalili. "Maumivu makali yanayohusiana na saratani kuingia kwenye mifupa, yanayodhihirishwa na mgonjwa kutaja 8 kati ya 10 na kushindwa kugeuka." Ukiandika "ana maumivu" ukaishia hapo, wa zamu ya jioni hajui aanzie wapi.

Saa 2:00. Presha, joto, dawa. Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, hutolewa kila baada ya saa 4, mgonjwa asisubirishwe mpaka alie. Na siku morfini inapoanza kutolewa, dawa ya kulainisha choo ianze nayo, maana morfini hufunga choo.

Saa 3:30. Kidonda cha titi. Tunalowanisha shashi ya zamani kwa maji ya chumvi mpaka iachie yenyewe, kwa sababu ukiivuta kavu damu inatoka. Tunaosha, tunanyunyiza unga wa vidonge vya metronidazole vilivyosagwa ili kuua bakteria wanaoleta harufu, kisha tunafunika. Mama huyu hugeukia ukutani kila wageni wanapoingia. Basi tunaandika: kujitenga na watu kunakohusiana na harufu ya kidonda. Bila mstari huo kidonda kingesafishwa pale tu mtu anapopata nafasi. Ukiwepo, kinasafishwa kila siku kabla ya saa ya kuona wagonjwa.

Saa 5:10. Kijana wa kitanda cha 6, siku ya 10 tangu apewe dripu ya kemo, yaani dawa kali za kuua saratani. Kati ya siku ya 7 na ya 14 ndipo chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, hushuka kupita kiasi, kwa hiyo utambuzi wake tangu jana ni "hatari ya maambukizi". Chati ya usiku inasema 37.2. Nikimshika mkono, unawaka. Kipimajoto: 38.4. Namuuliza mama yake:

"Mama, usiku alikunywa dawa yoyote?"

"Nilimpa Panadol mbili tu, sista. Alikuwa anatetemeka."

Hapo ndipo saa zilipopotelea. Mama hana kosa, amefanya alivyozoea nyumbani, ila homa ilifichwa kwa saa kadhaa. Usaha hutengenezwa na chembe nyeupe. Zikiwa hazipo, hakuna usaha, mara nyingi hata wekundu hakuna. Homa huwa ndiyo kengele pekee. Tangu inapoonekana, antibayotiki ya kwanza inatakiwa iingie mshipani ndani ya dakika 60.

Daktari anaitwa. Damu ya kuotesha bakteria inachukuliwa kabla ya dawa, lakini dawa haisubiri majibu. Mshipa wa kwanza unapasuka, wa pili pia. Kemo huikausha mishipa. Duka la dawa linataka fomu isainiwe upya. Dakika ya 35. Wa tatu unakubali, mkono wa kushoto, kanula (mrija wa mshipani) ndogo. Dakika ya 52 dawa inaingia.

Utambuzi wa jana unafutwa. Sasa ni joto la mwili kupanda, na hatari ya mshtuko, yaani presha kushuka ghafla: presha, mapigo na pumzi kila dakika 15, mkojo unapimwa. Kipimajoto hakiingizwi njia ya haja kubwa, mchubuko mdogo tu hapo unafungulia bakteria mlango.

Chakula cha mchana, vidonda vya mdomoni, kusukutua kwa maji yenye chumvi na magadi ya kuokea, sijui ilikuwa saa ngapi. Miguu imevimba.

Kukabidhi zamu. Kitanda cha 6: joto 37.9, mapigo 104, mkojo unatoka vizuri. Mama yake ameelezwa asimpe dawa yoyote kutoka kwenye mkoba, na akimwona anatetemeka aite nesi kwanza.