Nilienda Huye, Rwanda, kuwafundisha walimu, mama mmoja akanifanya mtoto wa darasa la kwanza

Safari ya basi siisimulii sana, kiti hakilali na miguu inavimba, ila pale mpakani Rusumo mkishavuka daraja la Kagera dereva anahamia upande wa kulia wa barabara na moyo unaruka hata kama uliambiwa mapema. Wabadilisha pesa wa mpakani walinikata vibaya, nikaja kugundua Kigali. Na gesti ya Huye elfu 15 za faranga kwa usiku, maji ya moto hakuna, chai unalipia, na kule kuna baridi jamani, iliniuma sana.

Nilialikwa siku 4 kukaa na walimu wa madarasa ya chini, tuongee namna ya kufundisha watoto wadogo Kiingereza. Wenzetu hawa walizoea Kifaransa, 2008 serikali ikaamua shule zihamie Kiingereza, halafu 2019 ikatangaza kianze darasa la kwanza kabisa. Mtu kazeeka na chaki mkononi anaambiwa geuza lugha.

Siku ya kwanza walimu 23, kimya. Nauliza swali, wanaangalia madaftari. Nikazidi kueleza, slaidi baada ya slaidi, eti mtoto aongeleshwe kwa maneno machache, na mimi naongea saa nzima.

Baada ya mapumziko mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono, Kiswahili chake kile cha upande wa Kongo. "Mwalimu, weye sasa utakuwa mutoto. Hapana ogopa." Akaniomba nikae dawati la mbele.

Akasema kwa Kinyarwanda, "Haguruka!" Nikabaki nimekaa natabasamu. Hakurudia kwa kupaza sauti wala hakutafsiri, alikaa kwenye kiti chake akasimama taratibu huku anainua mikono, "haguruka", na wenzake wakasimama, nami nikasimama. "Icara", wote tukakaa. Haguruka, icara, haguruka, icara, mpaka mwili ukawa unaenda wenyewe. Akasema "andika" nikafurahi mno maana hilo ni letu, nikashika kalamu haraka kabla ya wote. Halafu akaleta "Jya ku kibaho" na hapo nikakwama. Watu wazima 22 wananiangalia, jasho linatoka, nilitaka mtu aseme chochote ili macho yao yaniondoke. Yule mama akanishika mkono, akatembea na mimi mpaka ubaoni, akaugonga kwa kidole, "ikibaho". Hakunidai nitamke hata neno moja. Dakika kama 20 zote sikufungua mdomo, lakini naelewa!

Mimi nimesoma mambo haya, najua kwamba mtoto anaelewa kabla hajasema na kwamba ukimlazimisha kusema mapema anaogopa, nimeyafundisha kabisa. Ila mwilini nilikuwa sijawahi kuyasikia. Au niseme niliwahi nikasahau, maana jioni ile gestini nilikumbuka kidato cha kwanza, sisi tuliotoka shule ya msingi ya Kiswahili tupu, mwalimu wa baolojia anaingia anaongea Kiingereza dakika 40 anatoka. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alikuwa wa kwanza kwa hesabu shule ya msingi, kidato cha pili akaacha shule. Tulisema mvivu. Nililala nikiwa na hasira, sijui hata na nani.

Siku mbili zilizofuata niliziweka slaidi pembeni, kila mwalimu akafundisha wenzake kwa vitendo, na zile sauti zilizokuwa zimefichwa zikatoka, wanacheka wanakosea wanaendelea. Siku ya mwisho tukaenda kwenye darasa la yule mama. Watoto wengi, wamebanana watatu watatu. "Touch the door", wakakimbilia mlango wote. Nyuma kulikuwa na kabinti kadogo, mwalimu akaninong'oneza kwamba tangu muhula uanze hakajasema neno. Kenyewe kakafika mlangoni kakaweka kiganja kwenye mbao, kakakiacha pale wenzake wameshakaa. Mama akamwitikia kwa kichwa tu, akaendelea na somo.

Kwenye basi la kurudi sikulala. Nina kidato cha kwanza Jumatatu, wapo 71, na nimeshaandika maneno kumi ya kuanzia, kama simama, kaa, fungua, shika, nenda ubaoni. Kusema watasema wakiwa tayari.