Kikopo hakina jina

Jumamosi nimeenda Kariakoo na mdogo wangu kununua losheni, nikajikuta nimesimama pale dukani kama nusu saa naangalia tu watu wanavyonunua, na karibu kila aliyeingia alikuwa anapimiwa. Losheni ya kupima, mafuta ya nywele ya kupima, marashi yanavutwa na bomba la sindano yanaingizwa kwenye kichupa cha kupulizia, buku mbili unatoka unanukia vizuri kabisa. Hilo ndo soko la vipodozi lenyewe jamani! Mtu anayepata hela kwa siku ananunua kwa siku, chupa ya 30,000 ataitolea wapi? Wahindi waliliona hili tangu miaka ya 1980, wakafunga shampuu kwenye vipakti vya kuoshea mara moja.

Mi sioni ubaya kwenye kununua kidogo kidogo, hata mama katukuza kwa mafuta ya nazi ya kupima. Kinachoniuma ni kikopo kisicho na jina.

Mwaka juzi mdogo wangu alipimiwa mafuta ya kung'arisha uso, akaambiwa ni ya mimea. Wiki ya tatu uso ukawa unang'aa kweli, kila mtu anasifia, mpaka na mimi nikamuuliza kanunua wapi. Yalipoisha hakuwa na hela ya kuongeza, akakaa siku nne bila kupaka, uso ukawaka wote, vipele, juani hawezi kukaa hata dakika tano, usiku analia. Daktari wa ngozi akasema dalili zote ni za steroidi, zile krimu kali kama klobetasoli ambazo unaandikiwa hospitali upake sehemu ndogo kwa muda mfupi, sasa ukipaka uso mzima kila siku ngozi inakuwa nyembamba, inazizoea, siku ukiacha inalipuka. Na mikorogo mingine, yale mafuta ya kuchubua ya kuchanganya, ina haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ukiitumia miaka inakuachia weusi wa kudumu mashavuni, mingine ina zebaki ambayo inaharibu figo na mjamzito akipaka inamfikia mtoto tumboni.

Vitu hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu, zamani kuvisimamia ilikuwa kazi ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Tanzania, tangu 2019 ni TBS, shirika la viwango. Lakini chupa ina lebo, ina jina la kiwanda, unaweza kuifuatilia. Ikishamiminwa kwenye kikopo cheupe utaanzia wapi?

Sasa hivi mdogo wangu hapimiwi kitu kabla hajaiona chupa yenyewe. Jumamosi duka la kwanza kaka wa watu akanuna, eti kama huniamini nenda, tukaenda. Duka la pili dada akaishusha chupa bila neno, tukasoma wote watatu, akapima ya buku jero, halafu bila kuombwa akaandika jina la losheni na tarehe ya kuisha kwenye kikaratasi akakibandika kwa selotepu.