Turubai halikuziokoa pampu zangu

Nilikabidhiwa pampu sita za akiba nizitunze, nami nikazitunza kwa namna niliyoijua: nilizipanga kwenye kona ya stoo, nikazifunika turubai la plastiki na kuikaza kamba mpaka chini. Niliamini kazi imekwisha. Miezi minane baadaye pampu moja iliyokuwa kazini ikaharibika sili, kile kizibo kinachozuia maji kuvuja penye shafti, tukakimbilia stoo kuchukua mwenzake.

Shafti, yaani mhimili unaozunguka ndani ya pampu, haikugeuka. Tulipoilazimisha kwa spana ilizunguka kwa kukwaruza, kama mchanga unaosagwa. Tukafungua beringi. Kwenye njia ya gololi kulikuwa na vidoa vya kutu vilivyoachana sawasawa, kila gololi na kidoa chake pale ilipokaa miezi yote ile. Beringi mpya kabisa, haijafanya kazi hata saa moja. Iliniuma sana.

Fundi mzee wa karakana yetu alipitisha kidole upande wa ndani wa turubai, kikatoka kimelowa. "Mwanangu," akaniambia, "maji haya hayakutoka juu. Yamezaliwa humu humu." Pampu hupumua. Mchana chuma kikipata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Usiku kikipoa, huvuta hewa mbichi, na unyevu wake hugeuka matone juu ya chuma baridi. Turubai nililolibana lilikuwa limeunyima unyevu huo njia ya kutoka. Isitoshe, chini ya impela, gurudumu la mapanga linalosukuma maji, tulikuta maji yaliyobaki tangu pampu ilipojaribiwa kiwandani. Mimi sikuwahi hata kufungua plagi ya chini.

Zile tano zilizobaki nilianza nazo upya. Nilimwaga maji yote, nikapuliza hewa kavu yenye uvuguvugu mpaka ndani pakakauka, kisha nikapaka mafuta ya kuzuia kutu kwenye nyuso zote za chuma kitupu. Hapa nilinusurika kosa jingine. Nilikuwa tayari kupulizia mafuta hadi kwenye sili, mzee akanishika mkono: raba za sili zile zilikuwa za EPDM, na raba ya aina hiyo ikiguswa na mafuta ya petroli huvimba na kuharibika. Soma kwanza raba yako ni ya aina gani. Pampu moja ilikuwa na pakingi za grafiti, yaani kamba za kuzibia zinazozungushiwa shafti, badala ya sili. Hizo tulizitoa zote, kwa sababu grafiti ikilowa huku imekumbatia shafti, chuma huliwa vishimo vishimo.

Midomo ya flenji, pale pampu inapofungwa kwenye bomba kwa bolti, niliiziba kwa bamba za chuma na gasketi ya raba. Vifuniko vya mbao nilivitupa, maana mbao hunyonya unyevu na kuulaza palepale kwenye uso wa flenji. Ndani niliweka vifuko vya silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, kila kimoja kimefungwa kwa uzi kwenye bamba, na idadi yake nikaiandika nje kwa rangi. Kifuko kikisahaulika ndani, siku ya kuwasha kitaishia kwenye impela. Chembe zikibadilika kutoka bluu kuwa waridi, nazikausha kwenye oveni, nyuzi 120 hivi, nazirudisha.

Nyumba za beringi nilizijaza oili yenye dawa ya kutu mpaka nusu ya shafti. Kiasi hicho ni kingi mno kwa pampu inayofanya kazi, oili ingepata joto kupita kiasi, kwa hiyo kila moja nikaining'inizia kibao chekundu: PUNGUZA OILI KABLA YA KUWASHA.

Kazi ninayoithamini kuliko zote ni ya kuzungusha shafti kwa mkono kila mwezi. Nilichora mstari mweupe kwenye kaplingi, kiungo cha shafti ya pampu na mota. Nazungusha mara mbili na robo, ili mstari usisimame pale uliposimama mwezi uliopita. Gololi hupata oili mpya na kuhama makao, na nyuso za sili hazigandi. Pia nilizihamisha pampu mbali na ukuta wa kompresa, kwa kuwa mtikisiko unaopita sakafuni huzigongesha gololi zilizotulia mpaka zikachimba njia yake.

Mota ni habari ya fundi umeme, ila nilisimama naye akipima jinsi kihami cha nyaya zake kinavyozuia umeme kuvuja; kikipata unyevu, kipimo hushuka. Moja ilisoma megaohmu 2 tu. Tuliwasha hita yake ya ndani siku mbili, ikapanda na kupita 100. Tangu hapo hita haizimwi, na turubai limelegezwa, chini wazi, hewa ipite.

Mwaka uliofuata pampu moja ikahitajika usiku. Niliishika kaplingi kwa mkono mmoja, ikazunguka laini bila sauti. Tukapunguza oili, tukafungua bamba. Nje niliandika vifuko 3. Nikavivuta kimoja kimoja, nikahesabu vitatu, ndipo nikamwambia fundi aifunge kwenye bomba.