Barafu ya Feri

Januari ile kiyoyozi cha maabara kilikuwa kimekufa, na mashine ya barafu ilikitangulia. Dar ya mwezi huo unaijua: saa nne asubuhi shati limeshakuganda mgongoni. Na ndiyo siku niliyopangiwa jaribio langu la kwanza la uvamizi wa seli.

Ukielezwa, utaliona jepesi. Una kikombe kidogo cha plastiki, kitako chake ni utando wenye vitundu vya mikroni 8. Juu yake unatandaza Matrigel, ute unaotokana na uvimbe wa panya, umejaa laminini na kolajeni ya aina ya 4, protini zilezile zinazosuka mkeka ambao seli nyingi hukalia mwilini. Kisha unamwaga seli. Zilizo pole hujishikiza kwenye mkeka kwa integrini zao, yaani protini za kushikia zilizo juu ya seli, zikatulia. Zilizo kali hutoa vimeng'enya, huutafuna, hupenya hadi upande wa chini. Hizo ndizo unazozipaka rangi ya zambarau na kuzihesabu.

Nilikuwa na seli za saratani ya matiti za aina mbili: MDA-MB-231, wapenyaji wakubwa, na MCF-7, ambazo kwa kawaida hazisogei mbali. Kesho yake nikachungulia kwenye hadubini. Zote zimepita! Nikaanza kujiona nimepindua vitabu.

Mzee wa maabara alichukua kikombe kingine nilichokitandaza siku ileile, akakiinua dirishani. "Hebu njoo, binti." Ute ulikuwa mabonge mabonge kama uji uliokorogwa na mtoto, katikati kipara kitupu. Matrigel huganda ikipata joto, nami niliivuta kwa ncha za pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika, zilizoshinda kwenye joto juu ya meza.

"MCF-7 hazijavunja mlango," akasema. "Umewaachia wazi."

"Sasa tufanyeje, Mzee?"

"Barafu imeisha Feri?"

Nikapanda bajaji hadi soko la samaki, nikarudi na bonge limefungwa kwenye kiroba, lina magamba ya changu. Tukalitwanga. Safari hii kila kitu kililala kwenye barafu: ute, ncha, hata visahani. Maabara ikanuka shombo siku mbili.

Chini ya utando wa MCF-7 nilihesabu seli nne. Za MDA-MB-231 nilihesabu hadi macho yakauma, nikampisha Mzee kitini.