Jinsi nilivyowarudisha samaki wa Kanamai baharini

"Futa kila nukta iliyoangukia nchi kavu, bro. Samaki haishi shambani." Huo ndio ushauri niliopewa na mtaalamu mmoja wa data hapa Kisumu nilipomwonyesha ramani ya mahali samaki walikokusanywa, na nikiukumbuka bado damu inanichemka.

Kazi ilikuwa ya mwalimu wangu: kumbukumbu za visamaki vya madimbwi ya miamba huko Pwani, wale wanaobaki maji yakipwa, ambao sasa wamo kwenye chupa za makumbusho mbalimbali duniani. Jedwali unalishusha bure GBIF, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za viumbe. Kilichonila ni bando, mia leo, mia kesho.

Ushauri wake niliujaribu kwenye nakala. Karibu nusu ya jedwali ikayeyuka! Dimbwi lenyewe liko mpakani mwa nchi na bahari, na ramani nyingi huchora ufuo kwa mstari wa juujuu tu, kwa hiyo dimbwi halali kabisa linahesabiwa nchi kavu. Ukifuta, umefuta wale wale unaowatafuta.

Wasafiri wa mbali ni rahisi. Mombasa ni 4.05 kusini, 39.67 mashariki. Samaki wake akiwa Ethiopia, alama ya kutoa, ile inayoonyesha kusini, imesahaulika. Akiwa Mediterania, chini kidogo ya kisiwa cha Menorca, latitudo na longitudo zimebadilishana na alama ya kutoa nayo imedondoka. Wa sifuri kwa sifuri, Ghuba ya Guinea, hana vipimo kabisa; soma lebo.

Walionitoa jasho ni kundi lililotua karibu na Bamba, huko bara ya Kilifi kwenye ukame. Lebo inasema Kanamai, ufuoni kwenye bahari, namba zinasema 3.55 na 39.47. Nilizikodolea macho hadi usiku wa manane, stima ya Nyalenda ikija na kwenda. Nikapanga safu kuanzia ndogo hadi kubwa, nione tu. Baada ya nukta: .12, .40, .47, .58, halafu basi. Hakuna hata moja inayozidi 59! Kumbe si desimali, ni dakika, zile sitini za kila digrii. Mtu aliandika 39°47′ kwa kalamu, mwingine akachapa 39.47. Gawanya 47 kwa 60, unapata .78, yaani 39.78. Gawanya 55 kwa 60, unapata .92, yaani 3.92. Nikaweka kwenye ramani: Kanamai, pale pale ufuoni! Nilipiga kelele mpaka mama wa nyumba ya pili akagonga ukuta: "Wewe kijana, Gor imefunga?"

Hila hii inataka safu nzima ya mkusanyaji mmoja. Kwa namba moja pekee hutajua kitu. Na masahihisho weka safu mpya, ya zamani usiiguse.

Majina nayo yanachezacheza. Kisamaki mmoja wa madimbwi hayo, Istiblennius edentulus, alipewa jina mwaka 1801 akiwa Blennius, na kwenye lebo nyingine utamkuta Salarias. Ni yule yule, usimhesabu mara tatu.

Masahihisho niliwatumia wenye chupa. Wengi walirekebisha na kushukuru. Mmoja hajajibu, na samaki wake wako Bamba hadi leo.