Parachichi zangu za Ulaya na dawa ya viazi ya jirani

Mnunuzi wa parachichi akifika huku Kiwira, siku hizi simuulizi kwanza bei. Namuuliza mzigo unakwenda wapi. Kikomo cha mabaki ya viuatilifu hakifanani kila soko. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa usalama wa chakula na afya ya mimea, ulioanza kutumika 1995, unazihimiza nchi zifuate Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ila nchi yenye sababu za kisayansi inaruhusiwa kukaza zaidi. Ulaya wamekaza kweli: dawa isiyowekewa kikomo chake mahususi inahesabiwa miligramu 0.01 kwa kilo ya tunda. Hiyo ni gramu moja ndani ya tani 100! Wala haina maana kwamba ukizidisha hapo mlaji anadhurika. Ni kiasi kidogo kabisa ambacho maabara inaweza kukipima kwa uhakika, basi.

Kwa hesabu hiyo, hatari yangu haikuwa kwenye bomba langu. Ilikuwa ng'ambo ya mpaka wa shamba. Mama jirani analima viazi mviringo, na kwa mvua za Rungwe viazi visipopuliziwa dawa ya ukungu vinaungua majani upesi. Akipuliza mchana, upepo unaileta kwangu. Kwenye majani ya mstari wa mwisho nilikuwa nakuta unga wa njano hafifu, ukiufuta unabaki kidoleni.

Nilimfuata nyumbani jioni.

"Shikamoo mama. Nimekuja na ombi la shamba."

"Marahaba. Mwanangu, kama ni dawa, viazi ndiyo ada za wajukuu. Nisipulize?"

Apulize, nikamwambia, ila alfajiri upepo ukiwa umelala, na anitumie mtoto siku moja kabla. Akakubali kwa sharti: nimnunulie nozeli mpya, ile ncha ya bomba inayotoa dawa. Nikachagua ya matone makubwa, yasiyopeperuka mbali. Sharti lake lilinifaa mimi kuliko yeye.

Mpakani nikapanda majani ya tembo, yakarefuka kunipita. Hayo siwalishi ng'ombe, maana ndiyo yanayodaka dawa. Mstari ule wa mwisho nauchuma peke yake, hauingii kwenye kreti za nje.

Dukani kwa pembejeo sinunui tena kwa jina la kopo. Nasoma kiambato hai, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi, kwenye yale maandishi madogo. Klopairifosi, dawa ya wadudu, kwa mfano, huuzwa kwa majina mengi, na Ulaya waliifuta 2020, kikomo chake kikashushwa hadi hiyo 0.01. Kila ninachopuliza nakiandika daftarini: tarehe, kiambato, kipimo, na siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Bwana shamba alipolikagua alitaka niongeze jina la aliyepuliza, nikaongeza.

Sampuli za msimu ule zilipita, kreti zikapakiwa. Sasa nina kazi upande wa juu, kwenye shamba la kukodi ambalo mpangaji hubadilika kila msimu. Wa sasa amepanda nyanya, na simu yake haipokelewi.